Njia ya Wakimbizi

Tangu waweke soja pale langoni, Kavutha alikuwa akifika kwa Fatuma chai imeshapoa na maziwa aliyobeba yako njiani kuwa mtindi.

Zamani haikuwa hivyo. Na Kavutha akisema zamani alimaanisha mwaka juzi tu, maana wako watu wanaopenda mwaka juzi uitwe zamani ili usahaulike upesi. Alikuwa akitoka kwake, anashika kijia cha ukingoni mwa mto Kyeni, anavuka kwenye mawe, na umande haujakauka yuko jikoni kwa Fatuma ng'ambo ya pili. Sasa kijia hicho kimemwagwa maramu nyekundu, kimelainishwa kama shuka iliyopigwa pasi, kinaitwa njia ya mbio. Kampuni ya Kyeni Burudani imezungusha waya ukingo mzima, na pale ambapo mahindi yalikuwa yakiachwa yajitafutie mvua, sasa kuna nyasi zinazomwagiliwa asubuhi na jioni. Watu wanakuja na magari kutoka Nairobi na Syokimau, wanashuka, wanakimbia mzunguko, wanarudi palepale magari yalipo.

"Si wangeacha gari nyumbani wakimbie kuja?" Kavutha alimuuliza soja.

Soja mwenyewe alikuwa Masila, mtoto wa jirani, ambaye Kavutha alimbeba mgongoni hadi akamlowesha kanga mbili.

"Mwaitu, ni kazi tu," Masila alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba huku akiangalia viatu vyake. "Hii njia ni ya kukimbia. Kama hukimbii, zunguka kwa daraja."

Daraja lilikuwa mbali, na goti la Kavutha lilikuwa na maoni yake kuhusu umbali. Lakini si goti lililomnyima usingizi. Fatuma alikuwa amevunjika nyonga, anatembelea magongo, na binti yake, Safiya, anashinda dukani mjini. Kavutha ndiye aliyekuwa akikaa naye kutwa. Wiki hiyo Safiya alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha: "Mama Kavutha, sikulaumu. Lakini mama alianguka tena jana kabla hujafika. Mambo yakiwa hivi, mwisho wa mwezi nampeleka Mombasa kwa wajomba."

Fatuma aliletwa Machakos na marehemu mumewe, Mahmud, akiwa bi harusi. Mombasa siku hizi aliijua kwa harusi na matanga. Wale wajomba wenyewe hakuwapenda hata mmoja.

"Nitakufa kwa joto," alimwambia Kavutha asubuhi ile, akiimimina chai iliyopoa kana kwamba ni ya moto. "Na hatakuwapo mtu wa kuniita Vatuma."

"Vatuma ndilo jina lako. Wewe ndiye hujui kulitamka." Kavutha alijitupa kitini. "Hawa watu wana kiburi, Vatuma. Ubao wameweka mkubwa kama mlango wa kanisa. Eti njia hii ni ya wakimbizi pekee!"

Fatuma alishusha kikombe. "Ya nani?"

"Ya wakimbizi. Pekee."

"Wakimbizi, au wakimbiaji?"

"Si ni kitu kimoja? Wakimbizi. Nimeusoma kila siku nikifukuzwa, nitasahau?"

Fatuma alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa tumbo, mpaka gongo moja likaanguka chini. "Wallahi, nyinyi Wakamba mtaniua! Miezi yote hii mnapita mbele ya ubao huo, hakuna hata mmoja aliyeona? Mwenzangu, mkimbiaji ni huyo wa raba na suruali ya kubana. Mkimbizi ni mtu aliyetimuliwa kwao!"

Kavutha alikunja ncha ya kanga yake polepole. Aliyemjua angeogopa. Kichwani mwake aliona ukingo ulivyokuwa kabla ya waya: nyumba yake, ya kina Munyao, ya Mbithe mjane. Akakumbuka mkutano ambapo kijana mmoja wa kampuni alisimama juu ya kreti ya soda, akasema kwa Kiingereza kwamba watahamishiwa juu kidogo tu, na kwamba kijia kitabaki wazi kwa wote. Mtu akatafsiri nusu. Watu wakapiga makofi nusu nyingine.

"Asi!" alisema mwishowe. "Kumbe njia ni yangu."

Kesho yake alimsimamisha Masila mbele ya ubao. "Soma."

Masila akasoma.

"Mkimbizi ni nani?"

"Ni... mwaitu, ni kama wale wa kambini, wa kwenye habari."

"Waliofukuzwa kwao. Na mimi nilifukuzwa wapi?"

Masila alikuna kisogo, kisha akatoa simu kumpigia meneja. Alipomaliza kupiga, Kavutha alikuwa ameshafika kwenye mawe, anavuka na chupa yake ya maziwa.

Aliporudi jioni, meneja mwenyewe alikuwa akimngoja. Ndambuki alikuwa Mkamba mzaliwa wa Masii lakini alikuwa amekaa Syokimau hadi Masii ikamwona mgeni. Alikuwa amevaa raba za rangi ya chungwa zinazong'aa kama taa za gari la zimamoto.

"Mama, hayo ni makosa madogo ya lugha. Tulimaanisha wakimbiaji."

"Nyinyi mlimaanisha mengi. Mlimaanisha pia tutaendelea kupita."

"Ubao utabadilishwa. Lakini Jumamosi tuna ufunguzi rasmi, wageni wanakuja, fundi wa rangi hapatikani."

"Nani aliandika?"

Ndambuki akakohoa. "Niliandika mimi."

"Basi mwandiko ni mzuri," Kavutha alisema kwa huruma. "Mpaka ubao ubadilike, mimi nafuata ubao. Mimi ni mtu wa sheria, mwanangu."

Jumamosi mahema yalisimama, muziki ukapigwa, na watu wenye nambari vifuani wakawa wanajinyoosha miguu kama wanaotafuta kitu kilichoanguka. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Ndambuki alimtembeza, akimwonyesha nyasi, vigingi, na ubao.

"Haya maneno yote nimeyatunga mwenyewe," alisema, kwa sababu mazoea ya kujisifu hayaachwi kwa siku tatu.

Mgeni akausoma ubao, akausoma tena, kisha akamshika Ndambuki mkono. "Nimeguswa. Kampuni nyingi haziwakumbuki wakimbizi. Wako wapi?"

"Tuko hapa!"

Walikuwa wamesimama nje ya kamba: Kavutha mbele na chupa ya maziwa, Munyao na fimbo yake, Mbithe na kikapu cha mboga za sukuma, na wengine wa ukingoni wamevaa nguo za kanisani. Masila, aliyekuwa ameagizwa asiwaruhusu, alikuwa amepata shughuli ya ghafla ya kufunga kamba za viatu.

Mgeni akawasogelea kwa heshima. "Karibuni sana. Mmetoka nchi gani, mama?"

"Tumetoka pale kwa kuegesha magari," Kavutha alisema, akionyesha kwa kidevu. "Lile gari jeupe ni lako? Limesimama jikoni kwangu. Ukiingia usikie harufu ya isyo, mahindi na maharagwe, usishtuke. Nilipika hapo tangu niolewe."

Kuna watu walicheka. Mgeni hakucheka. Alimgeukia Ndambuki, na macho yote yakamgeukia Ndambuki, na kipaza sauti kikawa mkononi mwake tayari. Angesema ubao una makosa, makosa ni yake, ameshajisifu. Angesema ubao uko sawa, basi hao ndio wenye njia. Zile raba za chungwa zilikanyaga hapa, zikakanyaga pale.

"Hawa ni majirani zetu," alisema. "Na, eh, njia hii, watapita. Kwa miguu. Siku zote. Wakikimbia au wasikimbie."

Makofi yakapigwa.

"Rudia," Kavutha alisema. "Hicho chombo kimekwaruza."

Akarudia.

"Na kwa Kikamba."

"Mama, wageni hawa..."

"Ile ahadi ya kwanza mliitoa kwa Kiingereza, ikapotea. Hii ipe lugha ya mama yako, mwanangu, tujue pa kukupeleka ukiisahau."

Meneja akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Alikisema Kikamba chake kwa kusitasita, na lafudhi yote ya Syokimau, lakini alikisema, mpaka mwisho. Mbithe alipiga kigelegele. Munyao alimsahihisha neno moja.

Wakapita. Mgeni rasmi alitembea nao hadi kwenye mawe, na wakimbiaji wenye nambari wakalazimika kungoja njia iwe wazi, wakirukaruka mahali pamoja. Munyao alikuwa hana haraka hata kidogo.

Jumatatu Kavutha alimkuta fundi wa rangi, Makau, juu ya ngazi, amesharekebisha neno. NJIA HII NI YA WAKIMBIAJI, na chini yake, kwa herufi ndogo, NA WATEMBEAO.

"Herufi zetu mbona ndogo?" Kavutha aliuliza.

"Rangi imeisha, mwaitu."

"Nitakumbuka hivyo."

Masila alimfungulia lango kwa mikono miwili. Katikati ya njia, Ndambuki alimpita mbio, anahema, jasho linamtiririka.

"Kimbia, mwanangu!" Kavutha alimpigia kelele. "Nani anakufukuza?"

Ng'ambo alimkuta Fatuma mlangoni na magongo yake, bado ana mtandio wa kulalia. Begi ambalo Safiya alikuwa ameliteremsha kutoka juu ya kabati lilikuwa limerudishwa juu.

"Wewe! Umewahi mno," Fatuma alilalamika. "Hata jiko sijawasha."

Kavutha akapita ndani, akaweka maziwa mezani, akatafuta kiberiti mahali pake.

"Kaa chini, Vatuma. Leo chai tutainywa ikiunguza."