Koti Lililofuliwa

Nilikuwa nimeinama juu ya ndoo, ngozi mbichi ya mwana-kondoo mikononi, damu ikinichuruzika hadi kwenye viwiko, pale mama mkwe wangu aliponizaba kibao. Tuliishi nyumba moja miaka thelathini na mmoja, na alinipiga mara hiyo tu. Ngozi ikaanguka kwenye mawe kabla haijagusa maji. Akaiokota, akaikung'uta, akaniambia nikae. Ilikuwa Aprili ya mwaka arobaini na saba, baada ya theluji iliyofukia hata kuta za mazizi, na mimi, binti wa muoka mikate wa mjini, nilikuwa na miezi mitano tu pale shambani Skelgarth. Akapindua ndoo, akaikalia, akanisimulia huku mikono yake ikimalizia kazi niliyotaka kuiharibu. Jina lake Tamar. Maneno ni yake, mimi nimeyatunza tu.

Mwaka wa kwanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tamar alikuwa na miaka kumi na tisa, akiishi na mama yake, Dinah, mjane, na kondoo mia mbili. Kaka yake Wilfrid alikuwa amekufa vitani. Walijua hivyo kwa karatasi moja yenye mistari minne.

Februari, mtu mmoja alishuka kwa njia ya mlimani. Tamar aliliona koti kabla hajamwona mtu. Koti zito la jeshi, kola imeshonwa kwa uzi mwekundu, na aliyeishona ni yeye mwenyewe, Wilfrid alipokuja likizo ya mwisho na uzi wa kahawia ukawa umewaishia. Akatupa chini alichoshika, akakimbia. Alipokaribia, uso ukawa wa mtu mwingine.

Alijiita Percy Lunt. Alisema alilala handaki moja na Wilfrid miezi minane, wakawa ndugu hata wakabadilishana makoti, na kesho yake kombora likamwangukia Wilfrid, hata hakusikia maumivu. Dinah akaliomba koti. Akaliweka usoni, akavuta pumzi ndefu, ndefu mno. Kisha akamrudishia.

"Livae. Kuna baridi."

Wakampa kitanda cha Wilfrid. Alikuwa mchapakazi, hilo Tamar hakumnyima. Alipasua kuni, akajenga upya ukuta ulioanguka, na jioni aliwachekesha mpaka Dinah, aliyekuwa hajacheka tangu karatasi ile, akawa anafuta machozi kwa aproni. Alimwita Dinah "Mama." Naye Tamar akawa "dada," na kila alipomwona amenuna alisema, "Wewe dada ungekuwa kondoo, ungemkataa hata uliyemzaa mwenyewe."

Shamba lilikuwa la kukodi, na mwenye ardhi hakuandika majina ya wanawake. Mwezi Machi Dinah akasema Ijumaa wangeshuka kwa karani, jina la Wilfrid lifutwe, liandikwe la Percy.

"Na mimi je, Mama?"

"Wewe utaolewa."

"Nani kasema?"

Dinah akaendelea kukoroga uji wa shayiri.

Jumatano asubuhi jike mmoja alizaa mfu. Zizi la pili alikuwapo yatima, mama yake kafa usiku, anatetemeka kwenye majani makavu. Kila mtu wa mabonde yetu anajua la kufanya: unamchuna yule mfu, unamvalisha yatima ngozi yake kama fulana, miguu minne kwenye matundu manne, unamweka mbele ya jike aliyefiwa, amnyonyeshe kama wake. Dinah na Tamar walikuwa wanaitwa malisho ya juu, kondoo mwingine amekwama kuzaa.

"Mvalishe yatima," Dinah akamwambia Percy. "Si Wilfrid alikueleza."

"Mama, alinieleza usiku na mchana, mpaka nikamwomba anihurumie."

Waliporudi, saa nne, walisikia kishindo kabla ya kufika zizini. Dinah akapitia kisimani kunawa, Tamar akatangulia.

Jike alikuwa amemsukuma yatima kwenye ukuta wa mawe. Alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa, akaja. Mbavu zikalia. Akarudi nyuma tena. Tamar akaruka ndani, akapigwa gotini mpaka akaona giza, na alipomnyakua yule mdogo, damu ilikuwa inamtoka puani na kichwa kinaning'inia. Ngozi aliyovishwa ilikuwa nyeupe kama kitambaa cha ubatizo.

"Nani ameifua?"

"Mimi," akasema Percy. Alikuwa ameegemea lango, koti limefungwa vifungo vyote. "Ilikuwa imejaa damu na uchafu. Niliona vibaya kumvalisha mtoto takataka."

Jike hamjui mwanawe kwa macho. Anamjua kwa pua. Ngozi huvalishwa na damu yake na uchafu wake wote, siku tatu, mpaka maziwa ya jike yawe yamepita tumboni mwa yatima na harufu iwe moja, ndipo unaivua. Wilfrid aliyajua haya kabla hajajua kusoma. Angekuwa amemweleza mtu habari za kondoo hata kwa dakika kumi tu, hili angelianza nalo.

Tamar akamlaza yatima chini, amekwisha kufa.

"Kaka yangu hakukueleza kitu."

"Dada, leo umeamkia upande gani?"

"Wewe hukumjua Wilfrid."

Kicheko kikamfutika Percy usoni kama kitu kilichopanguswa. Alivuka zizi, akamkamata koo, akambana kwenye mawe yale yale, kisogo chake kikigonga ukuta. Hakupandisha sauti.

"Ijumaa naandikwa. Jumamosi utaniita bwana, au utalala barabarani. Umenisikia?"

Tamar alisikia damu ikipiga masikioni na buti zake zikitafuta ardhi. Halafu akaona mtaimbo, ule wa kutobolea mashimo ya nguzo, ukipanda nyuma ya bega la Percy. Ulishuka kwenye kiwiko. Ulipanda tena, ukashuka kwenye goti. Percy akaanguka katikati ya majani na kinyesi, akalia kwa sauti nyembamba ambayo Tamar hakuwahi kuisikia kwa mwanamume.

Dinah alisimama juu yake, mikono bado inadondosha maji ya kisima.

"Na koti pia ulilifua," akasema.

Percy akajivuta nyuma kuelekea ukutani.

"Nililinusa siku ile. Sabuni tupu. Nikajiambia labda ni hospitali. Labda ni wema, hakutaka nione damu ya mwanangu. Nilitaka sana iwe wema." Akauinua mtaimbo. "Sasa sema."

Akasema. Wilfrid alikuwa ndani ya shimo la kombora, tumbo wazi, siku ya pili. Percy hakumjua hata jina, alilisoma baadaye kwenye barua za mfukoni.

"Alikuwa hai ulipolivua?"

Mtaimbo ukasogea kidogo.

"Alikuwa anasema anasikia baridi."

Tamar aliniambia mtaimbo ulikaa juu muda mrefu, na yeye, Mungu amsamehe, alikuwa anangoja ushuke. Ulishuka taratibu, ukaegemezwa ukutani.

"Mvue," Dinah akasema.

Mkono uliovunjika haukupita kwenye koti. Tamar akachukua kisu cha kuchunia, akapasua mshono wa mkono toka kiganjani hadi kwapani, akazunguka bega, kama alivyofanya kwa wana-kondoo mia. Percy alipiga mayowe njia nzima. Kisha wakamtoa langoni na shati lake, akapanda njia aliyojia, akiburuta mguu. Mvua ya theluji ilikuwa imeanza.

Mwezi Mei jirani yao, Isaac Tallentire, alikuja kuwaambia kwamba watu wa bonde la pili wamekuta maiti bila koti chini ya jabali. Dinah alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya. Kwa karani shamba likaandikwa kwa jina la Isaac, wao wenyewe wakijua ni la Tamar, mpaka alipoolewa.

"Mbwa mwitu kavaa ngozi ya kondoo," Isaac alisema siku hiyo, kama mhubiri.

"Usiseme hivyo, mzee," Tamar akamjibu. "Huku anayevaa ngozi ya kondoo ni mwana-kondoo. Na anavaa apate kuishi."

Lakini hilo lilikuwa Mei. Jumatano ile, lango lilipofungwa, Dinah aliokota koti kutoka kwenye majani. Lilikuwa na kinyesi, na damu ya yatima, na jasho la yule mtu. Akaligeuza ndani nje, akalinusa kwapa, kola, mifuko, mshono kwa mshono. Kisha akapanda nalo kwenye kitanda cha Wilfrid, buti miguuni, akalala mchana kweupe, yeye ambaye hakuwahi kulala mchana msimu wa kuzaa.

Tamar akakaa jikoni, shingo inauma, akimsikiliza jike. Kiwele kilikuwa kimemjaa, na ngozi ya mwanawe haikuwa na faida tena kwa mtu yeyote. Alikuwa anaita, ananyamaza kungoja jibu, anaita tena. Aliita mchana mzima. Alinyamaza saa ngapi, Tamar hakujua kuniambia, kwa sababu naye alikuwa ameweka kichwa mezani, usingizi umemchukua.