Kizibo cha Ndiva

Mbwa alitoka majini na kigogo cha mgomba kinywani, kamba yake ya mkonge ikiburuzika, akakiweka miguuni pa Hezroni na kuketi kungoja sifa.

"Hodari, Kapteni!" Hezroni alimpapasa kichwa.

Bwana Shauri, mkuu wa boma la Same, ndiye aliyemkabidhi mbwa huyo mchanga amfunze huku milimani kuleta bata waliopigwa risasi, kwa kuwa mabwawa ya tambarare yalikuwa na mamba. Huku Chome hakukuwa na maji ya kuogelea ila ndiva, bwawa la mababu lililokusanya maji ya mlimani usiku na kuyafungulia mashamba mchana, kila kaya kwa zamu yake. Mbwa akifuzu, Hezroni angekuwa tarishi wa boma. Tayari alitembea kama mtu aliyevaa sare.

"Leo zamu yetu," mkewe, Rogathe, alimkumbusha, jembe begani. "Maharage yametoa maua na udongo umekauka. Mtoe huyo mkubwa wako majini."

"Mara moja tu, mke wangu. Kesho Bwana anakuja kumwona."

"Haya, mwalimu wa mbwa. Nakwenda kutengeneza mfereji pale ulipobomoka. Usifungue mpaka nikuite."

Akashuka. Hezroni akarusha kigogo. Kiangazi kilikuwa kimepunguza maji hata kizibo cha ndiva, kilichoziba tundu la kutolea maji, kikachungulia karibu na ukingo: nacho kigogo cha mgomba, nacho kimefungwa kamba ya mkonge ya kukivutia. Hezroni alikuwa amekiona tangu utotoni, hata macho yake hayakukishughulikia tena.

Kapteni alikipita kigogo kilichoelea. Akaiuma kamba ya kizibo, akavuta kama alivyofunzwa, bila kuachia.

Maji yalinguruma. Hezroni alijitosa, akashindilia tundu kwa matope, kisha kwa shati lake, yote yakamezwa. Huko chini Rogathe alipiga ukelele mmoja. Maji yalifika palipobomoka, yakaacha mfereji na kuporomokea korongoni.

Rogathe alipopanda, tope lilikuwa limemganda hadi magotini. Aliitazama ndiva tupu.

"Zamu ijayo ikifika," alisema taratibu, "maua yatakuwa yamekwisha kudondoka."

"Nikipata kazi ya boma..."

"Utaipata. Mbwa wa Bwana amefuzu."

Hezroni alitafuta hasira ya kumpiga mbwa, asiipate. Mbwa hakutenda lolote ambalo hakufunzwa. Naye Kapteni alikuja na kizibo kinywani, akakiweka miguuni pake, akaketi, mkia ukifagia tope.

Mkono wa Hezroni ulishuka wenyewe, ukaanza kumpapasa kichwa. Rogathe aliutazama mkono ule mpaka ulipoacha.