Sifa za Royal Kinywani mwa Mtu wa Radi

Ng'ombe walikuwa wamekubaliwa. Majembe yalikubaliwa, vitenge vya mama mkwe vilikubaliwa, na hata yule mbuzi mwenye sikio moja, aliyezua maneno tangu asubuhi, alikuwa amekubaliwa. Barthélemy Bisimwa, fundi cherehani wa mtaa wa Kadutu, Bukavu, akaanza kupumua kama mtu aliyetua mzigo. Déogratias, bwana harusi, alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Barthélemy ndiye aliyemlea, akamsomesha, akampeleka kujifunza useremala, na leo ndiye msemaji wake mbele ya wakwe. Kilichobaki ni baba wa binti kuinamia kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kunywa kwa mrija. Akinywa, Séraphine ni mke wa Déogratias. Asipokunywa, ng'ombe watarudi walikotoka jioni hiyohiyo.

Baba wa binti hakunywa.

Papa Apollinaire alikuwa karani mkuu wa kampuni moja ya majani ya chai, na kubwa kuliko hilo, kwa maoni yake mwenyewe, alikuwa rais wa Royal, timu ya mpira ya kampuni hiyo. Alivaa tai Jumapili, akaivaa Jumatatu, na majirani wa Nyalukemba walisema hata akiugua malaria daktari humkuta nayo shingoni. Alisogeza mrija kando kwa kidole, akajifuta masharubu.

"Papa Barthélemy," akasema, "ngombe tumeziona, ni muzuri. Lakini kuko kitu kimoja kinaniuma hapa." Akagonga kifua. "Miaka saba sasa, kwa baraza yako kule Kadutu, unacheka ekipe yangu. Mutu anakuja kushonesha suruali, anarudia kwake na suruali na masimulizi ya Royal. Leo nataka niisikie na masikio yangu. Simama, utuelezee Royal tangu ilizaliwa mpaka leo. Lakini uisifu!"

Nyumba nzima ikacheka, upande wa Barthélemy kwa woga, upande wa pili kwa raha. Dada mkubwa wa Apollinaire, Maman Emérence, mama mpana aliyekaa karibu na kibuyu, aliinua kifuniko juu ili kila mtu akione.

"Na mimi njo juge," akasema, akijipa uamuzi. "Matusi hapana. Bongo hapana, kweli tu. Nikisikia hata moja, nafunika kibuyu, na mutapeleka ngombe zenu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayeomba mke hachagui anachoombwa. Barthélemy alilijua hilo tangu utoto. Lakini alikuwa mtu wa Radi, na mtu wa Radi mgongo wake haukunjiki upesi. Radi, timu ya Kadutu, aliianzisha yeye na wenzake wawili. Jezi zake za kwanza alizishona kwa magunia ya unga, na namba za mgongoni akazikata kwenye kanzu kuukuu ya padri mmoja aliyewahurumia. Uwanja wao ulikuwa ubavuni mwa mlima, mpira ukikukosa unakwenda kuuokota bondeni. Viatu hawakuwa navyo. Walikuwa na Kadutu nzima nyuma yao, na Barthélemy hangebadilishana hiyo na kitu chochote cha kampuni.

Alipokuwa akiinuka, mtu mmoja mwembamba alimvuta mkono wa koti. Alikuwa Léopold, katibu wa Royal.

"Muzee," akamnong'oneza, "ukifika mu cinquante-sept, uruke. Useme tu mvua ilinyesha, mupira haikuchezwa. Président atakunywa."

Mwaka wa hamsini na saba ulikuwa mwaka wa kombe. Hakuna mtu katika chumba kile, tangu vikongwe hadi watoto wa mgongoni, ambaye hakujua nini kilitokea. Barthélemy akajinasua mkono. Akakohoa, akaanza.

"Batoto bengine banazaliwa uchi," akasema. "Royal ilizaliwa na viatu."

Mkono wa Emérence ukatulia. Kwani ilikuwa kweli: mwaka ule wa kwanza viatu vilitoka Ubelgiji ndani ya sanduku la mbao, vikiwa vimepakwa mafuta, kabla hajapatikana hata mtu mmoja wa kuvivaa.

"Jezi zilifika mbele ya balo ya mupira. Balo ilifika mbele ya bachezaji. Kulikuwa président, kulikuwa vice-président, kulikuwa mutu wa kulinda sanduku ya viatu, kulikuwa mutu wa kupiga picha. Kulibakia mutu wa kupiga balo. Na yeye alitafutwa, kwa bidii, mpaka akapatikana."

Vijana wa nyuma wakaangua kicheko. Emérence akamgeukia ndugu yake.

"Iko bongo?"

"Ni kweli," akasema Apollinaire, shingo imemkakamaa. "Aendelee."

Barthélemy akaendelea, na sasa ulimi wake ulikuwa umepata njia. Akamsifu golikipa wa kwanza wa Royal, ambaye jezi yake ilikuwa nyeupe mno hata akaogopa kuanguka nayo. Aliacha magoli manne yapite akiwa amesimama wima, akarudi kwa mama yake safi kama alivyotoka. Golikipa mwenye adabu namna ile, akasema, Kivu haijamwona tena. Akasifu safari ya Kalehe. Radi walikwenda kwa miguu, wakifuata ukingo wa ziwa, wakalala njiani kwenye misheni. Royal walikwenda kwa lori la kampuni lenye mabenchi na mito ya kukalia, na kila kona penye mandhari nzuri lori lilisimama wapigwe picha. Walipofika, wazee wa Kalehe walikuwa wameshachoka kungoja na kurudi shambani. "Lakini picha," akasema Barthélemy, "zilitoka muzuri sana. Mimi mwenyewe niliziona." Akina mama wakajifuta macho kwa ncha za vitenge.

Kisha akamsifu Gaston wa Shabunda. Royal walimtoa huko kwenye machimbo ya dhahabu wakimwahidi baiskeli, na Gaston akafunga magoli mpaka nyavu zikatoboka. Kosa la Royal lilikuwa wema wao. Badala ya kungoja msimu uishe, walimpa baiskeli mapema, mpya, yenye taa na kengele. Asubuhi yake kengele ilisikika kwenye barabara ya Shabunda, ikizidi kwenda mbali.

"Mpaka leo anabeba ndizi na ile kinga, ile baiskeli ya Royal," akasema Barthélemy. "Munitajie ekipe ingine ya Bukavu yenye ilisaidia batu ba Shabunda namna ile!"

Hapo Emérence alitaka kuficha kicheko, kifuniko kikamponyoka na kubiringika sakafuni, na Léopold ndiye aliyekiokota. Hata Apollinaire alikuna pua kwa muda mrefu.

Basi ikafika hamsini na saba. Kule jikoni wasichana waliacha kutwanga. Barthélemy akamtazama Déogratias, aliyekaa mkekani macho chini kama bwana harusi anavyopaswa, viganja vyake vya seremala vimebanana magotini. Neno moja tu: mvua. Bukavu mvua hunyesha karibu kila siku. Uongo huo ungekuwa mdogo, na yule Maman angeumeza bila kutafuna. Mtoto angepata mke. Lakini angempata huku baba yake mlezi ameifuta, mbele ya watu, siku iliyo bora kuliko zote alizowahi kuishi. Barthélemy aliogopa. Hata hivyo hakuruka.

"Mu cinquante-sept," akasema polepole, "Royal ilifanya kitu chenye hakuna ekipe ingine ilifanya. Ilinunua coupe, ikaitoa kwa Bukavu yote."

Ilikuwa kweli. Kombe la fedha, lenye masikio mawili, liliagizwa Ulaya. Na kwa kuwa Bukavu hapakuwa na fundi wa kuchora maandishi kwenye fedha, na kwa kuwa Royal hawakuwa na shaka yoyote, lilifika likiwa limeshachorwa jina la mshindi: Royal.

Hakuna aliyecheka sasa. Barthélemy akaeleza fainali ile kama ilivyokuwa. Royal walifunga kwanza, goli safi, na alisema wazi kwamba lilikuwa safi. Lakini vijana wa Radi, waliozoea kukimbia wakipanda mlima, walipokanyaga ule uwanja tambarare wa kampuni waliuona kama mahali pa kupumzikia. Wakasawazisha. Mpira ulipokaribia kwisha, winga wa kushoto, peku, akawapita watu watatu na viatu vyao, akapiga. Na kombe lenye jina la Royal likapandishwa Kadutu juu ya mabega, ambako liko hadi leo, juu ya kabati la cherehani.

Emérence alinyoosha mkono, akachukua kifuniko kwa Léopold.

"Ngoja, Maman," akasema Barthélemy. "Sijamaliza kusifu. Mwenye alipiga ile but, ile goli ya pili, iko pale kwa mukeka. Coupe iko na jina ya Royal, na mikono yenye iliibeba ni ya mutoto wangu. Mutoto mwenye atazaliwa hapa, nani atamucheka? Jina ni ya babu yake, but ni ya baba yake." Akamgeukia Apollinaire. "Mimi nacheka Royal miaka saba. Lakini siku tuliishinda, nililia. Batu hawalie juu ya kushinda kitu kidogo."

Akakaa. Kifuniko kilikuwa hewani. Emérence alimtazama ndugu yake, na ndugu yake alitazama ukuta.

"Umesahau kitu," akasema Apollinaire hatimaye. "Mimi nilikuwa nakaa kwa kiti ya président. But ikaingia. Upande wetu kimya, sawa vile misa ya bafu, ya batu benye balikufa. Mutu mumoja tu aliruka, akapiga makofi." Akaelekeza kidevu kwenye pazia la jikoni. "Séraphine, mutoto wangu. Akakumbuka kama niko pale, akakaa mbio mbio. Aliwaza sikumuona."

Nyuma ya pazia kitu cha bati kilianguka.

"Batu banasemaka siku ile nilipoteza coupe," akasema. "Coupe! Kampuni itanunua ingine."

Akainyoosha tai yake, ambayo haikuwa imepinda. Kisha akainamia kibuyu na kunywa, akanywa muda mrefu, kama mtu asiyetaka kuinua uso upesi, mpaka vigelegele vilipotoka jikoni na kumfunika.

Barthélemy alitafuta neno. Tangu Royal izaliwe hakuwahi kulikosa, na sasa alilitafuta kila mahali lisipatikane. Alichokikuta ni fahari, ya kijana wake kwanza, halafu, jambo la ajabu, ya yule mzee wa tai. Akavuka mkeka, akapiga magoti upande wa pili wa kibuyu.

"Papa Président," akamwita, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila kucheka, "uniachie na mimi kidogo."