Mawe Sita ya Commandant Lambert

Mwaka wa sitini na nne, waasi walioitwa Simba walipokamata mji, Commandant Lambert alijipa nyumba ya mzungu mmoja aliyekimbia, upande wa Simi-Simi. Bustani ilikuwa haijamalizika: majani yamekatwa vizuri, njia ya changarawe imetandazwa, lakini hakuna kitu cha kuvitenga. Akataka mawe ya bordure, ya ukingo wa njia, yawekwe siku ile ile. Askari wake wakaenda mtaa wa Mangobo kumtoa masoni Zuberi, mwashi aliyesifiwa na Wabelgiji, mbele ya chai yake, wakamleta na bunduki mgongoni mwake.

Zuberi akaanza kazi. Mawe aliyakuta nyuma ya jiko, ya sementi, kila moja urefu wa mkono. Akachimba mtaro mwembamba kando ya majani, akamwaga sementi mbichi, akapiga vijiti viwili na kuvuta kamba kati yavyo, ili kila jiwe liifuate.

Désiré, Simba mmoja wa wale waliomleta, ambaye sasa alilinda mlango, alikuwa anatafuta kivuli. Akainua mguu, akapita juu ya kamba. Mguu ulipotua ng'ambo, uso ukambadilika. Mganga wao aliyewachanja dawa alikuwa amewakataza mambo mengi ili risasi zisiwaingie, na mojawapo ni kuruka kamba iliyofungwa.

"Weye muzee, nani alikutuma uue dawa yangu?"

"Hakuna mutu, papa. Iko kamba ya kupima tu."

"Kupima nini? Kaburi yangu?"

Commandant akatoka barazani na kikombe chake, akawasikiliza wote wawili. "Bon. Toa kamba. Weka mawe sita bila kamba, tuone."

"Akiyanyoosha," Désiré akasema, "kamba haikuwa na kazi. Ilikuwa ya bulozi, ya uchawi. Nitamupeleka kwa mto mimi mwenyewe, na hatarudi."

"Yakipinda," commandant akasema, "kamba ilikuwa ya kazi, utamuacha. Lakini asinichezee. Akiyatupa ovyo kama mutu hajaona sementi, nitajua anatudanganya."

Zuberi akapiga magoti. Taabu yake ilikuwa hii: mkono wake ulijua kunyoosha hata bila kamba. Kamba ilimsaidia kwenda haraka, basi. Jiwe la kwanza likakaa sawa kabisa, lenyewe. Akaligonga na mpini wa nyundo, kidogo, upande wa njia. La pili akaliacha. La tatu akalitoa nje upana wa kidole. Maisha yake yote hakuwahi kupima kwa uangalifu namna hiyo, na alikuwa anapima ubaya.

Désiré alichuchumaa karibu na sikio lake. "Jasho yako inanuka bulozi."

"Inanuka njaa. Hamukuniacha nimalize chai."

La nne likarudi ndani. La tano, la sita. Commandant akashuka, akainama, akafumba jicho moja.

"Umepindisha."

"Ndiyo, commandant. Macho ya muzee."

"Alors Wabelgiji walikusifu nini? Mama yangu angeweka muzuri kuliko weye." Askari wa barazani wakacheka. "Rudisha kamba."

Désiré akatema mate ndani ya karai la sementi. "Nachanjwa tena kesho, dawa irudi. Nitakuja kwako kukusalimia."

"Mlango unaujua," Zuberi akasema, bila kuinua kichwa.

Mawe yaliyobaki yalikuwa arobaini na moja. Akayaweka na kamba mpaka mlangoni, yamenyooka, hata ukucha haupiti kati yake. Kisha akarudi kwa yale sita.

"Commandant, sementi bado mbichi. Niachie dakika kumi niyang'oe, niyaweke tena."

"Hapana. Yabaki, kila mutu anayeingia aone kazi ya masoni mukubwa wa Mangobo. Toka hapa."

Akasuuza mwiko wake, akaufuta kwa suruali. Mlangoni walikuwa wanamwingiza Alfani, aliyejifunza kazi mikononi mwa Zuberi na kumwona mara nyingi akinyoosha bila kamba, aje kuziba matundu ya risasi ukutani. Alfani akatazama yale mawe sita ya bordure, akamtazama yeye.

"Papa Zuberi, nani aliweka hii?"

Désiré alikuwa anasikiliza.

"Ni mimi," Zuberi akasema, akapita.