Kipande cha Upande wa Pili

Mshonaji alilala chali, tumbo limepakwa jeli ya baridi, akakodolea macho kioo cha mashine ya kupiga picha ya tumbo. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu amkatie mdogo wake, kinyozi, zaidi ya nusu ya ini lake. Kinyozi huyo hakuwahi kumwambia ahsante. Miaka minane nyuma mshonaji, dada mtu, alisusa harusi ya kinyozi, na mdogo mtu akaweka kinyongo, akakiweka vizuri kuliko anavyotunza mikasi yake. Ini alilipokea, simu hapokei. Kama lile ini limeshika au limegoma, mshonaji hakuwa na wa kumuuliza, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

"Sikiliza," mpigapicha wa hospitali akasema, akiongeza sauti ya mashine kama kawaida yake. Mashine ikavuma: shuuu. "Damu ya ini zima sasa inapita kwenye kipande hiki kilichobaki. Inakibana, nacho kinaitikia kwa kukua. Chako kimekaribia kujaa."

"Na kile kingine?"

"Mama, cha mtu sisemi."

Akatoka kwenda kumwita daktari. Mshonaji akabaki na karatasi ya kujifutia mkononi. Nyumbani siku hizi aliongea na cherehani, na cherehani walau ilikuwa ikijibu.

Chumba cha pili kilitengwa kwa ubao tu. Mtu akakohoa kule, kikohozi kifupi cha kuanzia puani. Kikohozi hicho cha mdogo wake alikilea yeye, mgongoni.

"Vuta pumzi, shikilia," sauti ya kike ikaagiza.

Kimya. Mashine ya kule haikutoa sauti. Mshonaji akaikunja ile karatasi ngumini.

Kisha: shwa, shwa, shwa.

"Huo ndio mshipa wa pigo. Uko wazi, damu inaingia vizuri. Ini linakua."

Machozi yakamtoka mshonaji, yakaingia masikioni.

"Na la dada yangu?" kinyozi akauliza, sauti ya chini. "Nalo linakua?"

"Kwani hujamuuliza?"

"Nitaanzia wapi? Nimemnunia miaka minane, halafu nikamla ini."

Mshonaji akaweka kiganja kwenye ubao.

"Linakua, mdogo wangu."

Mashine ya kule ilikuwa bado inasikiliza, na ile shwa, shwa ya kinyozi ikaanza kwenda mbio.