Moyo wa Kuazima

Uongo wenyewe ulipangwa jikoni na, kama uongo mwingi wa ndugu, ulipangwa kwa mapenzi. Dereva na Fundi walikuwa pacha, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Dereva aliendesha basi la shule mpaka moyo wake ulipoanza kwenda mbio ovyo, akazimia siku moja akiliosha basi lenyewe. Shule ikamwambia asiguse usukani mpaka kliniki ya moyo iseme amepona. Hakuwa amepona. Kwa hiyo aliyeketi kliniki asubuhi hii, kwa jina la Dereva na blauzi ya Dereva, alikuwa Fundi, mshona nguo, ambaye hata mafua ya maana hajawahi kuugua.

"Niazime moyo wako nusu saa tu, pacha wangu," Dereva alikuwa amembembeleza. "Nitakusubiri nje."

Kliniki ile iliendeshwa na wauguzi. Daktari aliitwa tu mambo yakizidi. Muuguzi mkuu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, asiyeiamini mashine kabla ya vidole vyake. Alishika kifundo cha mkono wa Fundi, akatazama saa ya ukutani, akahesabu mapigo. Akarudia kuhesabu.

Fundi alijitahidi kupumua kama mtu aliyepona. Hivi mtu aliyepona hupumuaje?

"Dawa umekunywa leo?"

"Nimekunywa, sista."

"Ngapi?"

Hilo hawakulipanga jikoni. "Zile... za kila siku."

Muuguzi alimlaza kitandani, akambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, akawasha mashine. Karatasi ikaanza kutoka ikiwa imechorwa vilima vidogo vidogo. Akaitazama, akavuta nyingine, kisha akabonyeza kengele ya ukutani.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fundi iliishia hapo. Alijua fika kwamba wanaoitwa ni askari.

"Sista, nisamehe. Mimi siye mgonjwa. Mgonjwa ni pacha wangu, yuko hapo nje, anataka kazi yake. Nimekuja kumpimia tu. Mimi mzima kabisa."

"Kwamba siye wewe nilijua niliposhika mkono. Dereva gani ana vidole vilivyotobolewa na sindano namna hii? Nilitaka nione utafika wapi na uongo huu." Hakucheka. "Sasa usinyanyuke. Moyo wa pacha wako unakimbia. Huu wako unasimama."

"Unasimama vipi?"

Muuguzi akamwonyesha karatasi: vilima, halafu mstari mtupu, mrefu, halafu vilima tena. "Hapa hukuwa na pigo hata moja. Umewahi kuanguka?"

Fundi alitaka kusema hapana. Akakumbuka ngazi za nyumbani, na ndala alizozilaumu. Akakumbuka alivyozinduka sakafuni kando ya cherehani, akajicheka kwa kusinzia mchana kweupe. Hofu ikamshika, si ile ya kukamatwa tena.

"Nilidhani ni usingizi," alisema.

Kengele ilikuwa ya kumwita daktari, naye alikuwa na mgonjwa mwingine; Dereva ndiye aliyeitwa. Aliingia akitabasamu, maana alidhani wameshinda. Alipoona nyaya na uso wa mwenzake, tabasamu likamwisha. Muuguzi alimweleza kwa kifupi: Fundi anatakiwa hospitali kubwa sasa hivi, moyo ukisimama zaidi ya hapo hautaanza tena. Gari la wagonjwa limetoka na mgonjwa mwingine. Lipo gari dogo la kliniki, lakini hakuna wa kuliendesha.

"Hakuna vipi, na mimi nimesimama hapa?" Dereva alidakia. "Nipeni funguo. Njia ile naijua kama kiganja changu."

Alikuwa ameshanyoosha mkono. Muuguzi alimgeukia Fundi.

"Sipandi," Fundi alisema.

"Unasemaje?"

"Ukiendesha wewe, sipandi. Ukizimia njiani je?"

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Asubuhi hii alikuwa amelala pale akitoa ushahidi, kwa kifua chake mwenyewe, kwamba dada huyu anafaa kubeba basi zima la watoto. Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

Dereva alirudisha mkono taratibu.

"Watoto wa watu wapande," alisema, "wewe hupandi."

Muuguzi alikuwa ameshainua simu, akitafuta mtu wa kuendesha.