Mnara Alioufuta Kijino

Familia ile ikikutana, iwe arusini, msibani au kumjulia hali mgonjwa, lazima mtu akumbushie jinsi Kijino alivyomfutia kaka yake gemu. Alikuwa na miaka minane, kaka yake kumi na minne. Kaka alikuwa ameucheza mchezo ule kwa miezi mitano, amefika kwenye mlango wa bluu juu kabisa ya mnara, amebakiza adui mmoja tu. Kijino, aliyebaki nyumbani na surua, akachoka kulala, akaiwasha mashine, akaanzisha mchezo wake mwenyewe na kuuhifadhi juu ya ule wa kaka. Miezi mitano ikaenda na maji.

Watu husikia hadithi hiyo wakashika mbavu, na Kijino hucheka nao. Kisichosimuliwa ni kwamba tangu siku ile kaka hakucheza naye tena, si gemu, si karata, si mpira. Alibaki kaka mwema, wa kumnunulia madaftari na kumsindikiza hospitali. Lakini ule urafiki wao ulikufa, na Kijino hakuhitaji kuambiwa nani aliuua.

Miaka ishirini na sita baadaye, kaka mtu, ambaye sasa ni fundi wa lifti, akapata kazi ng'ambo kwa mkataba wa miaka minne. Angehama na mkewe na watoto baada ya wiki sita. Juma hilohilo mama yao alikuwa anasafisha stoo, akaikuta mashine ya zamani ndani ya boksi, gemu lenyewe likiwa tumboni mwake, akauliza nani anaitaka kabla haijaenda jalalani. Kijino aliifuata siku hiyohiyo. Alikwishaamua kwamba atafika tena kwenye mlango ule wa bluu, na kaka hatapanda ndege kabla ya kukabidhiwa alichonyang'anywa.

Aliona ni kazi ndogo. Kijino ni fundi wa miwani, kutwa nzima yumo karakana anakata vioo, na akirudi nyumbani huvua viatu na kuua majoka. Magemu ya kisasa ya mapanga na safari alikwisha kuyamaliza kumi na moja, mengine mara mbili. Sasa hiki kikongwe kingemshinda nini? Alimwambia mumewe kwamba wikendi mbili zinatosha, hata moja ikibidi.

Jumamosi asubuhi akakaa mbele ya televisheni na majigambo yake yote. Yakaanza kumwishia mapema. Mashujaa wake wanne walikuwa na ukubwa wa ukucha. Hakuna aliyetoa sauti, maneno yalipita chini kimyakimya. Alitafuta ramani, hakuna. Alitafuta ule mshale wa kumwonyesha aende wapi, ambao magemu ya sasa hayamwachi mtu apumue bila huo, nao haukuwapo. Mwanamke mmoja kisimani akamwambia njia iko kusini mwa pale pasipo maji, akanyamaza. Kijino akambonyeza tena. Akamwambia maneno yaleyale.

Akatoka kijijini kwa ubabe wake wote, akakutana na chura. Mapigano yenyewe yalikuwa ya zamu. Unachagua, unangoja, chura naye anachagua. Kijino, aliyezoea kufyatua vitufe kama anapura maharage, alichagua ovyo, akauawa. Akarudi, akauawa tena. Mumewe alipita na kikombe cha chai, akauliza kwa upole kama yule ndiye joka.

Hata hivyo jioni ilipoingia alikuwa amevuka msitu na miji miwili, na vyura wote wa dunia ile walikuwa wanamjua. Akazima mashine, akalala usingizi wa mshindi. Jumapili alipoiwasha, akajikuta kijijini, kisimani, hana hata upanga wa mbao.

Akajua mashine imeoza. Akampigia mama yake simu kwa uchungu, akaeleza. Mama, ambaye enzi zile alifuma masweta nyuma ya migongo yao na hakuwahi kugusa kitufe kimoja, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwani ulilala nyumba ya wageni?" akauliza.

"Nyumba gani, mama?"

"Humohumo kwenye gemu. Si mpaka walale ndipo linakumbuka? Kaka yako alikuwa ananiambia nikifunike chakula, hajafika kwenye kitanda."

Kijino akashusha simu pole pole. Magemu yake yote ya sasa yanajihifadhi yenyewe, hata ukikatikiwa na umeme. Akiwa na miaka minane aliwahi kuwalaza mashujaa kwa utoto tu, akasahau; safari hii siku nzima alikuwa amepita mbele ya vitanda na kuviona mapambo. Alijisikia mjinga, na alikuwa na haki ya kujisikia hivyo.

Juma la pili likaisha hajui kusini ni wapi. La tatu vilevile. Alizunguka, akasahau nani alisema nini, akarudi kuuliza, akasahau tena. Siku moja kazini, maji yamemfika shingoni, ndipo akili ikamkaa sawa. Pale karakana kuna sharti moja lisilovunjwa, hakuna kadi, hakuna kukata. Kila miwani ina kadi yake, na kila kipimo huandikwa humo kabla kioo hakijagusa jiwe la kusagia, hata kama fundi anaapa anakikumbuka kichwani. Kijino alikuwa ameifuata sheria hiyo miaka kumi na mbili, na hajaharibu vioo zaidi ya viwili. Lakini akifika nyumbani alikuwa anakata kwa kubahatisha.

Akaomba kadi tupu hamsini. Kuanzia jioni ile kila mtu wa mle ndani alikuwa na kadi yake. Mwanamke wa kisimani: kusini, pasipo maji. Mvuvi asiye na mtumbwi: mto ulihama. Mlinzi wa daraja: daraja langu halivuki kitu. Akazipanga mezani akazisoma kwa pamoja, akaruka kitini. Watu watatu wa miji mitatu walikuwa wanasema jambo moja! Njia ilikuwa chini ya daraja, kwenye mkondo uliokauka. Hakuna mshale uliomwambia. Alijua kwa sababu alifikiri, na furaha aliyoipata haikuwahi kumpata katika majoka yake yote kumi na moja.

Tangu hapo akanogewa kwelikweli. Alijifunza kungoja zamu yake, akaona kumbe kungoja ndiko kupigana kwenyewe. Aliyapenda hata yale maandishi ya kimya, maana sauti za wahusika alizitia mwenyewe. Asubuhi moja mwenzake wa karakana alisimama na kadi mkononi akauliza ni nani aliyepokea kazi ya mteja aitwaye Mchawi wa Kinamasi, asiyependa moto, jicho la kushoto hana. Karakana nzima ikaangua kicheko. Kijino akaichukua kadi yake bila aibu yoyote, maana alikuwa anaitafuta tangu jana.

Jumamosi ya mwisho akapanda mnara. Ulimtoa jasho la kwapa hadi la kisigino, lakini saa kumi alasiri akasimama mbele ya mlango wa bluu. Hakuufungua. Akarudi hatua chache hadi kwenye kitanda cha mwisho, akawalaza mashujaa wake, akahakikisha mara nne kwamba wamelala.

Jumapili kaka alikuja kuaga. Kijino alimwacha wifi yake na watoto na mama sebuleni, akamwita kaka chumba cha pili, akampa kidhibiti bila maelezo. Kaka akatazama kioo. Akayatambua yale mawe, ule mlango, ile rangi. Akakaa chini, kwenye sakafu, na suruali yake ya safari.

"Umefika mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe. Ni wako, kaka. Nilikuwa nao muda mrefu."

Dole gumba la kaka likapapasa kitufe bila kukibonyeza.

"Siku ile nilikuwa nimesimama hapahapa," akasema. "Siku nne nzima nilikuwa hapa. Nilikuwa nakungoja upone, tuufungue wote."

Kijino akakaa naye sakafuni. Akamuuliza mbona hakuwahi kusema.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ningesemaje kwamba nalia kwa sababu nilikuwa namngoja mtoto?"

Kijino akafuta macho kwa mkono wa blauzi, akazivuta kadi zake mezani.

"Basi nimepona," akasema. "Fungua."

Mara ya kwanza walipigwa wakanyukwa, kwa sababu kaka alikuwa na haraka. Ya pili Kijino alishika uongozi. Alisoma kadi, kaka akabonyeza. Ngoja. Mponye yule mdogo kwanza. Usitumie moto, anaula. Ngoja tena, kaka, ngoja! Kaka alitii neno kwa neno, jasho likimtiririka, na mlangoni walikuwa wamejaa watoto, wifi na mumewe Kijino, na mbele yao mama, aliyekuja kuita watu mezani akasahau alichojia. Adui alibakiwa na nguvu kidogo, nao shujaa mmoja tu amesimama. Kijino akatazama kadi ya mwisho, akaiweka chini. Haikuwa na kitu.

"Piga tu," akasema.

Kaka akapiga. Mnara ukatikisika, ukapasuka toka juu hadi chini, na fundi wa lifti mwenye miaka arobaini akaruka juu na soksi zake akipiga kelele jina la dada yake, akamnyanyua mzimamzima kama mkoba, akamzungusha chumba kizima. Mama aliwaambia waangalie taa, huku mwenyewe anapiga makofi.